Mkia wa uzi: uende, urudi, uende tena

Blanketi lilirudi kwangu Jumamosi moja ya mwezi wa saba, limefungwa ndani ya kanga, wakati baridi ya Iringa imeshika kwelikweli. Mama wa mtoto hakuja na maneno makali. Alilitandaza mezani, akaweka kidole katikati ya kiraba kimoja, na kidole kikapita hadi upande wa pili. Pete ya katikati ilikuwa imefumuka. Viraba viwili vya jirani navyo vilishaanza kutoa ncha, ukizigusa tu zinakuja. Blanketi lilikuwa limefuliwa mara nne au tano hivi, basi.

Nililifuma kwa wiki tano. Viraba 48, kila kiraba rangi tatu. Ufumaji wenyewe ulikuwa mzuri, hata leo nikiliangalia nasema ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa kwenye ncha za uzi: nilizifunga fundo, nikazikata karibu na fundo, nikaliuza. Yule mama alikuwa analitumia kumfunika mtoto mgongoni akienda kliniki, na mtoto alikuwa ameingiza kidole kwenye lile tundu. Nililia alipoondoka, sioni haya kulisema. Tangu hapo nimefuma mablanketi mengi, kofia, sweta za watoto na seti za vitambaa vya makochi, na hakuna kilichonirudia kwa sababu ya ncha. Nataka nikueleze ninavyofanya, hatua kwa hatua, kwa sababu ni jambo ambalo watu hulikimbilia mwishoni wakiwa wamechoka, na ndilo linaloamua kama kazi yako itaishi.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema kroshia namaanisha ile sindano yenye ndoano. Nikisema sindano peke yake, ni ile yenye tundu. Mkia ni kipande cha uzi kinachobaki unapoanza, unapomaliza, au unapobadilisha rangi. Nguzo ni ule mshono mrefu wa kuviringisha uzi mara moja kabla ya kuchoma, ndio unaojaza viraba na vitambaa vingi.

Fundo peke yake halishiki

Shangazi yangu aliyenifundisha kufuma, huko Tanga, alikuwa pia anasuka ukili wa mikeka. Alinionyesha kwamba kwenye ukili hakuna fundo hata moja. Mwaa, yaani ule utepe wa jani unaosukwa, ukiisha, mwaa mpya unalazwa chini ya ule wa zamani, unasukwa nao pamoja, na mkeka unakaliwa miaka. Kinachoushika ni kubanwa chini, juu, chini, juu. Nilikuwa namsikiliza na bado nikawa nafunga mafundo, kwa sababu fundo unaliona kwa macho na moyo unatulia.

Uzi mwingi tunaonunua madukani ni akriliki. Ni laini na unavutika, na fundo lake likivutwa kila siku ya kufua linalegea kidogo kidogo. Ukiwa umekata milimita mbili kutoka kwenye fundo, likilegea milimita mbili limekwisha. Halafu matundu ya kroshia ni makubwa kuliko fundo lenyewe, kwa hiyo fundo ulilolificha nyuma siku moja unalikuta mbele, limekaa kama kipele. Na ukimlaza mtoto mchanga juu ya mafundo 100, mgongo wake unayahisi yote.

Kinachoshika mkia ni urefu uliozama ndani ya kazi, pamoja na kona. Mkia uliopita mstari mmoja ulionyooka unatoka jinsi ulivyoingia. Mkia uliokwenda, ukarudi, ukaenda tena upande mwingine, ukiuvuta unajibana wenyewe.

Kipimo cha kuacha

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika kabla hata hazijaanza. Mtu anaacha mkia wa sentimita 4, anafuma wiki tatu, halafu anatafuta namna ya kuuficha. Hakuna namna nzuri.

Mimi napima kwa mkono, kama shangazi. Uzi wa akriliki wa kawaida naacha morita moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada ukitanua kiganja. Kwangu ni kama sentimita 16. Uzi wa pamba unaong'aa, na uzi wowote unaoteleza, naacha shibiri nzima, gumba hadi kidole cha mwisho, kama sentimita 20. Sihitaji futi wala rula, mkono ninao muda wote.

Najua utasema ni kupoteza uzi. Nimewahi kupiga hesabu. Lile blanketi lilikuwa na viraba 48, rangi tatu kwa kila kiraba, kila rangi mikia miwili: mikia 288. Kila mmoja sentimita 16, jumla ni mita 46 na ushee. Bonge la gramu 100 la uzi wa unene wa kati lina mita 200 hivi, kwa hiyo ni chini ya robo ya bonge kwa blanketi zima. Na kwa kuwa ile mikia inaingia ndani ya kazi, uzi unaotupa hasa ni vile vipande vidogo vya mwisho. Weka robo hiyo kwenye bei yako na usiwe na shaka.

Hesabu ya muda nayo ni hii: mkia mmoja unanichukua dakika moja na nusu nikiwa nimetulia. Mikia 288 ni zaidi ya saa saba. Ukiiacha yote mpaka mwisho, utaichukia kazi yako mwenyewe na utaanza kutafuta njia za mkato. Ficha mikia ya kila kiraba kabla hujaanza kingine. Mimi nikimaliza kiraba nachukua sindano hapo hapo, chai haijapoa.

Sindano

Unahitaji sindano butu yenye tundu kubwa. Sindano kali inararua uzi ovyo na unapoteza njia, utachoma mahali ambapo hukukusudia. Butu inateleza kati ya nyuzi, na unapotaka kuchoma uzi wenyewe unaweza kuisukuma ipenye. Shangazi alikuwa na shazia ndogo ya kushonea magunia ambayo alisugua ncha yake kwenye jiwe la kunolea kisu mpaka ikawa butu kama njiti. Ilifanya kazi maisha yake yote. Za plastiki zinapinda ukifuma kwa kubana, mimi sizipendi.

Kuutunga uzi mnene usilambe ncha. Ukunje juu ya sindano, ubane mkunjo kwa vidole viwili mpaka uwe bapa, chomoa sindano, halafu sukuma ule mkunjo kwenye tundu. Unaingia mara ya kwanza.

Safari tatu

Chukua kiraba cha nguzo, ukigeuze upande wa nyuma ukutazame. Tazama vizuri: kila nguzo ina kichwa juu, na chini yake ina mguu wenye nyuzi mbili tatu zilizoegemeana. Humo kwenye miguu ndimo mkia unamolala.

Safari ya kwanza, pitisha sindano chini ya uzi mmoja mmoja wa miguu hiyo, ukifuata rangi yake mwenyewe, kwa sentimita 5. Usichukue uzi wa upande wa mbele. Kila baada ya mishono minne geuza utazame mbele, kama kuna rangi imechungulia rudisha sindano nyuma. Ukifika mwisho vuta mkia taratibu, kisha shika kiraba pande mbili ukinyooshe. Ukivuta bila kunyoosha, kiraba kinakunja uso, na hata pasi haitakisaidia.

Safari ya pili unarudi ulikotoka, na hapa ndipo penye siri yenyewe. Ruka uzi mmoja kwanza. Ukirudisha sindano kwenye tundu lile lile ililotokea, hakuna kilichoshikwa, mkia unatoka wote kama ulivyoingia. Ule uzi uliouruka ndio msumari. Rudi sentimita 3 au 4, na safari hii usipite chini tu, choma uzi wenyewe. Uzi wa kufumia umesokotwa kwa nyuzi ndogo tatu au nne. Sukuma ncha ya sindano ipite katikati ya hizo nyuzi ndogo. Utahisi ukinzani kidogo mkononi, kama kitu kinakatalia. Huo ukinzani ndio unaoutaka. Pima: vuta mkia kidogo na uone kama kitambaa kinafuata kabla uzi haujateleza. Kikifuata, umeshika.

Safari ya tatu ni ya kupanda au kushuka. Toka kwenye mstari uliokuwemo, ingia mstari wa juu au wa chini, ulalo, sentimita 2 au 3. Sasa mkia umepita njia tatu, na mtoto avute upande wowote, kuna safari mbili zinazokataa.

Kabla ya kukata, fanyia kazi yako ukatili kidogo. Ivute kwa urefu, ivute kwa upana, ivute kwa ulalo, ikunje kwenye ngumi na uiachie. Mkia utajirudisha ndani kiasi unachotaka. Ndipo ukate kwa mkasi mdogo, ukiacha nusu sentimita, na ukinyoosha tena ile nusu inazama. Watu wengi hukata kwanza kisha wananyoosha, na ncha inaibukia sehemu ambayo huwezi tena kuishika.

Wembe usiutumie. Wembe haukuambii umegusa nini. Nimewahi kukata kichwa cha nguzo kwa wembe kwenye sweta iliyokuwa imekamilika, nikaifumua mpaka kwapani. Meno nayo yaache, yanaitafuna ncha na kuilowesha, na uzi uliotafunwa unafumuka nyuzi nyuzi.

Katikati ya pete

Kama una nguvu ya kujali sehemu moja tu, jali hii. Kofia, kiraba, kitambaa cha mviringo, mdoli, vyote vinaanzia kwenye pete, na pete ikifumuka kila kilichofumwa juu yake kinafuata.

Ile pete ya kuvuta, ambayo unaviringisha uzi kidoleni, unafuma ndani yake kisha unavuta mkia na tundu linafunga, ni nzuri kwa macho. Lakini kumbuka, kinachoifunga ni ule mkia tu. Ukiukata mfupi umekata mlinzi wa mlango. Ndivyo nilivyofanya kwenye blanketi lile, mara 48.

Fanya hivi. Ukishavuta na tundu limefunga, tunga mkia kwenye sindano na uzungushe pete yote mara moja kamili, ukipita chini ya miguu ya mishono ya mzunguko wa kwanza, kuelekea kule kule mkia ulikokuwa unaelekea. Vuta, tundu litabana zaidi. Ruka mguu mmoja, geuka, rudi nusu mzunguko ukichoma uzi. Halafu toka kwenye pete, panda na mguu wa nguzo moja hadi mzunguko wa pili, na umalizie huko. Uzi wa akriliki, morita moja inatosha kwa safari hiyo kama mzunguko wa kwanza una mishono 6 hadi 12.

Kwa vitu vya watoto nimeongeza jambo jingine: naviringisha uzi kidoleni mara mbili badala ya moja, kwa hiyo pete ina nyuzi mbili. Inavutika kwa shida kidogo, ila imetulia. Au naiacha kabisa pete ya kuvuta na naanza na minyororo minne, yaani vile vitanzi vinavyofuatana kimoja ndani ya kingine, iliyounganishwa duara. Inabaki na kitundu kidogo katikati, lakini kitundu hicho hakitakua, kwa sababu hakishikwi na mkia. Wanaoanza nawashauri waanze na hii ya minyororo.

Kuufumia mkia ndani

Wengi hulaza mkia juu ya mstari uliopita na kufuma juu yake, ukafunikwa wenyewe. Inaokoa muda, nami naifanya, ila nusu. Kumbuka mkia uliofumiwa hivyo umepita mstari mmoja ulionyooka, safari moja tu. Kwa mishono mifupi iliyobana na uzi wenye manyoya unaweza kukaa. Kwa nguzo, na kwa uzi laini, utatoka. Mimi nafumia mishono 8 au 10, naacha sentimita 8 nje, na mwishoni naupa safari ya kurudi kwa sindano. Rangi zikiwa tofauti sana usifumie kabisa: mkia mweusi ndani ya mstari mweupe unaonekana kama mshipa.

Ukifika mwisho wa bonge na kuanza jingine, mikia miwili inabaki mahali pamoja. Usiifunge pamoja na usiipeleke upande mmoja. Mmoja uende kulia, mwingine kushoto, pasiwe na uvimbe. Kama blanketi litakuwa na ukingo wa kuzunguka, badilishia bonge pembeni na ukingo utasaidia kuficha. Kama halina ukingo, badilishia katikati ya mstari, kwa sababu pembeni ndipo mikono ya watu inaposhika na kuvuta.

Jambo moja linalowapata wengi: unafuma, ghafla ndani ya bonge lenyewe unakuta fundo la kiwandani. Usilipitishe ukitumaini litajificha. Kata, toa fundo, acha morita pande zote mbili, na uendelee kama bonge jipya. Inauma ukiwa umenogewa, lakini fundo lile hukulifunga wewe na hujui limefungwaje.

Pamba ya vitambaa vya makochi

Uzi wa pamba unaong'aa ni kazi nyingine. Unang'aa kwa sababu umepitishwa kwenye dawa na kuvutwa ukanyooka, njia ambayo Mwingereza John Mercer aliianza kwa dawa tu mwaka 1844, kuvuta kukaongezwa baadaye, na kile kinachoufanya upendeze ndicho kinachoufanya uteleze. Hauna manyoya ya kung'ang'ania. Ndiyo maana ya shibiri nzima, na ndiyo maana safari ya pili kwenye pamba lazima ichome uzi, tena safari ya tatu nayo ichome.

Tatizo la pili ni kwamba kitambaa cha kochi kimejaa matundu kwa makusudi. Mkia hauna pa kujificha kwenye mnyororo mtupu unaoning'inia, ukipitisha hapo mnyororo mmoja unakuwa mnene kuliko wenzake na jicho la mgeni linakwenda hapo hapo. Kwa hiyo panga mwisho wako mapema. Kabla sijakata uzi nauliza: palipojaa ni wapi karibu? Petali, fungu la nguzo, ukingo uliobana. Kama nimeishia kwenye tao la minyororo, nateleza kwa mishono ya kuunganisha mpaka kwenye fungu la nguzo ndipo nakata.

Na mzunguko wa mwisho naumaliza kwa mshono wa uongo, usijulikane ulipoanzia wala ulipoishia. Kata uzi, chomoa ncha yote itoke juu ya mshono wa mwisho. Tunga sindano. Ruka kichwa kilichotangulia mzunguko, pitisha sindano chini ya nyuzi zote mbili za kichwa kinachofuata, kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha irudishe katikati ya kichwa cha mshono wa mwisho, pale pale uzi ulipotokea, ushike ule uzi mmoja wa nyuma tu. Vuta mpaka umbo lifanane na vichwa vya jirani, usizidishe. Sasa una kichwa kimoja kilichotengenezwa kwa sindano, na kikiwa kimekaa sawa, hata wewe ukigeuka dakika moja hukipati.

Wanga usikudanganye. Kitambaa kilichotiwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi kinashika kila kitu, hata mkia uliolazwa tu bila kufichwa unakaa kimya. Mnunuzi akikifua, wanga unaondoka na maji na mikia inasimama. Kwa hiyo kwa pamba mimi nakwenda kinyume: naficha mikia, siikati. Naiacha inaning'inia sentimita 2, nakifua kitambaa, nakinyoosha kwa pini kikauke, ndipo nakata, na wanga unakuja mwisho kabisa. Pamba ikilowa inajipanga upya, na mkia ukitaka kuhama, bora uhame mbele yangu kuliko sebuleni kwa mtu.

Moto, gundi na mambo ya namna hiyo

Wapo wanaochoma ncha kwa kiberiti, kama tunavyochoma ncha za rasta baada ya kusuka nywele. Kwenye akriliki ncha inayeyuka na kuwa kidonge cheusi kigumu, na kidonge hicho kwenye shingo ya mtoto kinakwaruza usiku kucha. Kwenye pamba hakuna kuyeyuka, inaungua tu. Moto una kazi moja nzuri: kujua una uzi gani. Chukua kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibanio juu ya kisosi, mbali na kazi yako, ukiwashe. Kikiacha kidonge kigumu ni akriliki au jamaa yake. Kikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika vidoleni ni sufu. Kikiungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi ni pamba. Nafanya hivi kila nikinunua uzi usio na karatasi, kwa sababu sufu ina bahati yake: ikifuliwa nyuzi zake zinashikana zenyewe, na mkia unaganda ndani. Ukitegemea hilo kwenye akriliki, umepotea.

Gundi na rangi ya kucha zinakauka kuwa ngumu, zinabadilika rangi, zinabanduka. Sina zaidi la kusema juu yake.

Midoli ni rahisi kuliko vyote: safari zako tatu fupi, kisha sindano ipite tumboni kwenye pamba ya kujazia, itokee upande wa pili, vuta kidogo, kata, ncha inarudi ndani yenyewe.

Soksi za mtoto, tafadhali

Hili naliandika kwa uzito. Soksi na glavu za mtoto mchanga zina ndani ambayo huioni. Uzi mmoja uliolegea humo unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mguu, ukakaza kila mtoto anapopiga teke, damu ikazuiwa. Mtoto analia na huna la kuona kwa nje. Kwa hiyo kila soksi ninayofuma naigeuza ndani nje, naipitisha kidole changu kidogo kote, na nikihisi kitanzi au ncha, siiuzi mpaka niimalize. Mikia ya soksi naificha upande wa nje, kwenye mishipa ya ukingo, hata kama inanipa kazi. Nawe ukipewa zawadi ya soksi za kufuma, zigeuze kabla ya kumvisha. Na mtoto akilia bila sababu, mvue soksi utazame vidole. Ukikuta kimoja kimevimba au kimebadilika rangi na uzi umezama, mkimbize kituo cha afya muda huo huo.

Mkia ukiwa umeshakuwa mfupi

Tuseme umerithi kazi ya mtu, au ya kwako ya zamani, mkia una sentimita 2 na haufiki tundu la sindano. Usiufunge. Ingiza sindano kwanza, ikiwa tupu, ndani ya njia unayotaka mkia upite, usukume mpaka tundu la sindano libaki limechungulia pale pale mkia ulipo. Sasa tunga ule mkia mfupi kwenye tundu, halafu vuta sindano itoke upande wa pili. Mkia unafuata. Ruka uzi mmoja, fanya tena kwa kurudi. Hata sentimita 2 zinapata kona moja.

Ukiwa mfupi hata kwa hilo, au pete imeshafumuka, unganisha uzi mpya. Ndivyo nilivyolifanya lile blanketi. Nilichukua uzi wa rangi ile ile, shibiri mbili, nikaulaza mkia wake chini ya miguu ya mzunguko wa kwanza upande wa nyuma na kuupa safari zake tatu. Kisha nikaanza kuokota miguu iliyokuwa wazi, mmoja baada ya mwingine, sindano ikipita ndani ya kila kitanzi kilichobaki kinaning'inia, mizunguko miwili kamili. Nilipovuta tundu lilifunga polepole kama mdomo wa mfuko. Nikarudi nusu mzunguko nikichoma, nikapanda kwenye nguzo, nikamalizia.

Vilikuwa viraba vitatu vilivyoharibika. Nilifanya vyote 48, kwa siku nne, kila kiraba nikiongeza uzi juu ya yale mafundo yangu ya zamani na kuyafungua pale nilipoweza. Nikalifua mara mbili nyumbani, nikalikamua kwa nguvu bila huruma, nikalianika, nikapita na kidole kila katikati. Halafu nikalikunja ndani ya kanga ile ile lililokuja nayo na kumpelekea mwenyewe, mtoto akiwa bado hajaanza kutambaa.